Tule Wapi Leo, Mama Watoto?

Hebu tuanze na jambo linalotokea katika nyumba nyingi. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mshahara umeingia, kodi imelipwa, karo ya watoto imetengwa, na kimebaki kidogo. Mume anamwambia mkewe, "Mama watoto, leo usiwashe jiko. Twende tukale nje." Mke anafurahi. Mume anauliza, "Twende wapi?" Mke anajibu, "Popote tu, Baba watoto. Wewe chagua." Mume anachagua. Mke ananyamaza. Wanakwenda, wanakula, wanarudi, na usiku huo hakuna anayemsemesha mwenzake.

Ni nini kilichoharibika? Hakuna aliyetukana wala kupiga. Pesa hazikupotea. Mume aliuliza kwa heshima, mke akajibu kwa upole. Hata hivyo kila mmoja amelala akiwa na donge moyoni. Mume anawaza: nilimpa nafasi ya kuchagua, akakataa, kisha akanuna. Mke naye anawaza: miaka yote hii tumekaa pamoja, bado hajui ninachopenda?

Yuko atakayesema kwamba ukurasa wa ndoa una mambo makubwa zaidi ya kujadili kuliko hoteli ya kula. Mtu huyo ana shahidi mkubwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba mambo madogo, ambayo hayaleti tofauti kubwa yakifanywa hivi au vile, hayahitaji kufanyiwa shauri refu. Mtu hakai kikao kuamua aanze kuvaa kiatu cha kulia au cha kushoto. Nakubali. Nyama au samaki ni jambo dogo. Lisilo dogo ni kujua kama mwenzako anakuambia kweli unapomuuliza anachotaka. Mama asiyeweza kumwambia mumewe kwamba moshi wa nyama choma unamuumiza macho, atamwambiaje siku moja kwamba hataki shamba la nyumbani liuzwe? Ulimi hujifunzia katika mambo madogo.

Tena kuna jambo ambalo Mtakatifu Thomas hakulizungumzia. Tajiri anayekula nje kila siku, akikosea leo atasahihisha kesho. Mwenye kula nje mara moja kwa mwezi akikosea, atangoja mwezi mzima. Kwa hiyo msiseme kwamba maskini hana la kuchagua. Yeye ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini zaidi.

Chukua mtaa kama Shauri Moyo, hapa Nairobi. Hauna uhaba wa mahali pa kula. Kwa miguu unafika Burma, mahali panapojulikana Nairobi nzima kwa nyama. Unasimama mbele ya bucha, unaonyesha kipande chako, mbavu au mguu, kinapimwa kwa kilo na kupelekwa motoni. Baadaye kinaletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele yako, chumvi pembeni, pamoja na ugali na kachumbari. Ukielekea Gikomba utapata samaki wa kukaanga. Majengo ya Pumwani utapata pilau, viazi karai na mahamri. Ukisogea mbele hadi Eastleigh, utapata nyama ya ngamia na wali wa Wasomali. Mwenye hamu ya chipsi na kuku atapanda matatu aende mjini. Na kama mfuko ni mwepesi kabisa, jioni mtu wa mutura yuko pale kwenye kona na ubao wake.

Ukitazama vizuri, utaona kwamba mahali hapa si chakula tu. Kila mahali pana mwenyewe moyoni mwa mtu. Mume akisema Burma, mara nyingi hasemi nyama peke yake. Anasema pale ambapo mchomaji anamjua, pale ambapo akiingia anaitwa kwa jina na kuwekewa kiti, pale alipokula na wenzake kabla ya kuoa. Tabia hii ina historia yake. Wakati wa ukoloni serikali iliitaka Nairobi iwe mji wa wanaume wafanyakazi. Mwafrika aliletwa mjini afanye kazi, mkewe na watoto wakabaki mashambani, naye akapewa nafasi ya kitanda katika chumba cha wengi. Mtaa kama Kaloleni, jirani ya Shauri Moyo, uliojengwa miaka ya 1940 ukiwa na nyumba za kufaa familia, ulikuja kama jambo jipya. Mwanamume asiye na jiko wala mke karibu angekula wapi? Alikula hotelini, pamoja na wanaume wenzake. Hivyo kula nje katika mitaa ya Eastlands kulianza kama dawa ya upweke wa wanaume. Wajukuu wao wameoa na wanaishi na wake zao, lakini wengi bado wanakula nje kama makapera.

Kwa hiyo mke anapopelekwa mahali pa mumewe, mara nyingi anajikuta mgeni. Mume anasalimiwa na meza tatu. Rafiki anavuta kiti, anakaa, na mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira na siasa. Mke anatazama simu yake. Nyama ni tamu, wala hana kosa nayo. Lakini alipoambiwa "twende tukale nje", alifikiri ameitwa yeye.

Basi, kwa nini hakusema? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba tukae hapa kidogo.

Neno "popote" lina maana nyingi, na moja tu kati ya hizo ni kweli tupu. Iko siku ambapo mtu kwa hakika hana chaguo. Ana njaa, amechoka, na chochote kitakachokuja ni sawa. Huyo akisema popote, mwamini. Lakini yuko mwingine anayesema popote kwa sababu anajua hesabu ya pesa iliyobaki, naye anaogopa kutaja mahali pa bei asije akaonekana mharibifu. Yuko anayesema popote kwa sababu hataki lawama: chakula kikiwa kibaya, si yeye aliyechagua. Huyu anakimbia mzigo na kuuita unyenyekevu. Halafu yuko anayesema popote kama mtihani. Jibu analo, ameliweka moyoni, na mwenzake akilikosa amefeli. Sipendi mtihani huu. Mwalimu anayetunga swali bila kumfundisha mwanafunzi, kisha anamchapa kwa kutojua, hatumwiti mwalimu mwema. Na msidhani ni wake peke yao. Waume wengi wakiulizwa "nikupikie nini?" hujibu "chochote", kisha husukuma sahani kando.

Mwaka 1974 profesa mmoja wa Marekani, Jerry Harvey, alichapisha makala ambayo imekuwa maarufu sana katika mafunzo ya uongozi. Alisimulia jinsi yeye na mkewe walivyokuwa nyumbani kwa wakwe zake katika mji mdogo wa Coleman, jimbo la Texas. Joto lilikuwa karibu nyuzi 40. Walikuwa wamekaa kwa raha barazani wakicheza domino na kunywa maji ya limau. Ghafla baba mkwe akasema, twendeni Abilene tukale. Abilene iko maili 53 kutoka hapo, kama kilomita 85, na gari lao halikuwa na kipoza hewa. Mke akasema ni wazo zuri. Harvey mwenyewe hakutaka, lakini alipoona wengine wamekubali akasema sawa, mradi mama mkwe naye anataka. Mama mkwe akasema bila shaka anataka, hajafika Abilene siku nyingi. Wakaenda katika vumbi na joto, wakala chakula kisicho na ladha, wakarudi baada ya saa nne wakiwa hoi. Ndipo mama mkwe akafunua kwamba yeye angependa kubaki nyumbani, ila alienda kwa sababu watatu hao walimsukuma. Kila mmoja akaruka. Kumbe hakuna aliyetaka! Hata baba mkwe aliyetoa wazo alisema alidhani wengine wamechoshwa na kukaa.

Tazama jambo hili la ajabu. Watu wanne waliopendana, kila mmoja akitaka kuwafurahisha wengine, walifanya kitu ambacho wote wanne hawakukitaka. Hapakuwa na ugomvi; laiti ungekuwepo kidogo, wangebaki barazani kwa raha zao. Harvey alieleza kwamba shida yao haikuwa kutokubaliana. Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kubaki ni bora, ila hakuna aliyelisema. Upole usio na ukweli uliwapeleka njiani kilomita 170, kwenda na kurudi.

Sasa nasikia mama mmoja mcha Mungu akiniuliza: Je, si vizuri kujinyima kwa ajili ya mwenzako? Na je, hatukufundishwa kutoa kwa siri, mkono mmoja usijue unachofanya mwingine? Swali hili ni zito, na sitalipita juu juu. Ndiyo, kujinyima ni kwema, na kujinyima kwa siri ni kwema zaidi. Lakini zawadi ya siri ina alama yake: haidaiwi baadaye. Kama mke amejinyima samaki aliowatamani, akaenda Burma kwa furaha, akala, akacheka na mumewe, na jambo hilo likaisha hapo, amefanya tendo la upendo na sina la kuongeza. Ila kama baada ya miezi sita, siku ya ugomvi wa jambo jingine kabisa, anatoa orodha yote ("nimekula nyama yako kila mwezi, wewe hata siku moja hujaniuliza!"), basi haikuwa zawadi. Lilikuwa deni lililoandikwa kimya kimya, na mdeni hakuambiwa kwamba anakopa.

Tena mwenye kutoa zawadi hiyo hasemi "popote". Anasema, "Twende Burma, najua unapenda." Maneno haya mawili yako mbali sana. La pili limebeba uamuzi wa mtu, limebeba moyo wake. La kwanza linamwachia mwenzake kuamua peke yake, kisha kubeba matokeo peke yake.

Na pesa je? Waume wengi, hata wakinyamaza, wana fikra kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua. Siku hizi fikra hiyo inageuka na kuwauma wenyewe, maana si ajabu kumwona mama wa kibanda cha mboga akitoa simu yake na kulipa kwa M-Pesa chakula cha nyumba nzima. Je, siku hiyo yeye ndiye atakayekuwa kichwa cha meza? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kuwa mwenzi wa mtu, kuwa mchango katika mali hiyo. Ikiwa sheria inaona ufuaji wa nguo kuwa mchango, meza ya chakula isione? Pesa iliyoingia nyumbani haina jina la mtu tena.

Wengine hupendekeza zamu: mwezi huu wewe, mwezi ujao mimi. Si vibaya. Zamu humlinda mnyonge, hasa pale mmoja anapokuwa na sauti kubwa. Ila zamu ni haki ya watu wasiojuana sana, kama wapangaji wanaogawana bomba la maji uani. Siku mke anaumwa na tumbo lenye vidonda, utamlazimisha pilipili kwa kuwa zamu ni yako? Ijumaa ya Kwaresma ikiangukia zamu ya mpenda nyama, je? Afadhali watu wazoee kutaja mahali pamoja na sababu: "Natamani samaki, na leo nataka tukae wawili bila kelele." Sababu ikishasemwa, mwenzako anaweza kukupa unachokitafuta hata kama si pale ulipopataja. Pengine shida haikuwa Burma kamwe, ilikuwa zile meza tatu. Na mwenye kukataa mahali, ataje pengine. Kukataa tupu ni kumtupia mwenzako kazi.

Jina la mtaa huu lina mafunzo yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakoloni walibomoa kijiji cha Pangani, na wakazi wake wakahamishiwa nyumba za Shauri Moyo. Wenye kuhamishwa hawakuombwa shauri. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno hilo limebaki na sura mbili. Tunasema "shauri yako", maana yake jitegemee, mimi simo. Na tunasema "tufanye shauri", maana yake tukae, tusikilizane. Mke anayesema "popote" kwa kununa, na mume anayesema "basi mimi nimeamua", wote wawili wamesema shauri yako.

Kama mtakubaliana ni Burma, kumbukeni kwamba kilo moja ya mbavu haiivi upesi. Mtakaa pale muda mrefu mkingoja, bila watoto, bila sahani za kuosha. Mume na achague meza ya ndani, mbali na mlango, aketi akiwapa mgongo rafiki zake, na amuulize mkewe mwezi ujao angependa wapi. Akisema popote, amuulize tena. Nyama bado haijaiva.