Deni la Wimbo



Katika arusi moja ya mwezi uliopita kijana aliyeshika muziki alipiga "Dada Asha" wa Tabora Jazz, na wazee wakasimama wote, hata wale ambao Jumapili hukaa kitako nusu ya ibada kwa ajili ya magoti. Hatuoni haya kusema kwamba tuliupenda wimbo huo ujanani, na tungali twaupenda. Marehemu Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014, na wenzake wa mtindo wa Segere Matata waliyafanya magitaa yajibizane kama majirani uani, na redio ilipotaja jina la mji wetu tulijiona watu.

Je, furaha hiyo tuliilipia? Kanda tuliyo nayo nyumbani ilinakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo ilinaswa redioni. Siku hizi vijana hurushiana kwa simu. Lakini kwaya yetu iliporekodi nyimbo zake, na nakala zikauzwa sokoni bila ruhusa, tuliita wizi, mpaka jambo likafika Halmashauri ya Parishi. Siku hiyo hakuna aliyeitaja Tabora Jazz.

Wengine husema, mwanamuziki alikwisha kulipwa na bendi. Katika bendi nyingi za zamani hata gitaa halikuwa la mpigaji. Lilikuwa la mwenye vyombo, na mpigaji alipata kilichosalia. Sheria iliyoleta Chama cha Hakimiliki, COSOTA, ilitungwa mwaka 1999, nyimbo hizi zikiwa zimekwisha kuzeeka.

Mji huu umelizoea jambo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kutoka Ujiji, kupita hapa Unyanyembe, hata Bagamoyo, nao waliimba njiani ili mzigo uwe mwepesi. Waliotunga nyimbo hizo hatuwajui.

Habari ya ng'ombe apuraye nafaka tumeisikia mara nyingi, hasa msimu wa kuchangia posho ya kasisi. Mwenzetu mmoja ashauri tuifute kanda. Hatukubali, kuufuta wimbo si kumlipa mtu. Wapiga magitaa wangali wapo mjini, nasi kwenye arusi huwalipa baada ya mpishi na mpiga picha, tena kwa kuanza kupatana upya usiku wa manane, wakiwa wamechoka.

Binti yetu aolewa Agosti. Mpiga gitaa tumempa fedha yake yote Jumatatu iliyopita. Alizihesabu mara mbili, kisha akauliza kama arusi imeahirishwa.