Adhabu ya Kaburi Aijua Maiti

Methali “Adhabu ya kaburi aijua maiti” hutoka kinywani mwa mtu aliyechoka kuambiwa avumilie. Mgonjwa wa selimundu aliyekesha mifupa ikimuuma, huku waliokuja kumjulia hali wakinong’onezana kwamba jana walimwona akicheka; mjane anayehimizwa asahau kabla hata eda haijaisha; kibarua anayesikia tajiri akisema kupasua kokoto ni kazi kama kazi nyingine: wote hao wana haki ya kuitamka. Maana yake ya juu ni nyepesi, kwamba mateso huyajua anayeteswa. Vitabu vingi vya methali huishia hapo na kuacha fundo kubwa halijafunguliwa. Kama haja ilikuwa kumtaja mwenye kuumia, mgonjwa au mfungwa angetosha. Methali imemchagua maiti, ambaye machoni pa wote hasikii, haoni wala haumwi, ikampa ujuzi ambao walio hai hawana.

Fundo hilo limefungwa na imani ya Kiislamu, iliyoota mizizi pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, kisha hulazwa katika mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Mafunzo yanasema kwamba watu wakishafukia na kuondoka, malaika Munkari na Nakiri humjia kumhoji, na kaburi humpanukia au humbana kwa kadiri ya matendo yake. Kipindi hicho, baina ya kufa na kufufuliwa, huitwa barzakhi. Aliye juu ya udongo haoni lolote katika hayo. Hata kaburi likifukuliwa kesho yake, kitakachoonekana ni sanda na mwili uliotulia.

Wanazuoni waliuliza mapema kinachoumia mle ndani ni nini hasa. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alishikilia kwamba mahojiano na adhabu ni vya roho peke yake. Wanazuoni wengi wa Sunni hawakukubali. Walisema mwili nao una fungu lake, na roho huunganishwa nao kwa namna inayotosha kuhisi. Jibu linalokaribia zaidi kiini cha methali ni la Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya. Alitoa mfano wa mtu aliyelala, anaota nyoka anamuuma. Anaumia, pengine hupiga kelele, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Aliyeketi kando ya kitanda haoni nyoka wala jeraha. Angepekua shuka zote na kuinua godoro asingemkuta nyoka huyo, na bado kwa aliyelala meno yake yamekwishazama nyamani. Mtazamaji hakukosea kuhusu kitanda. Amekosea kudhani kwamba maumivu yote lazima yaonekane kitandani.

Sarufi yenyewe ya methali imebeba hoja. Kitenzi “aijua” kina kiambishi a-, cha ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na wanyama. Maiti amehesabiwa pamoja na wanaopumua. Katika usemi wa kila siku jambo hili linayumba. Wengine husema “maiti imeokotwa ufukweni”, na tangazo la msiba huarifu kwamba mwili wa marehemu utawasili Ijumaa, kisha marehemu atazikwa Jumamosi. Kilichosafirishwa ni mwili, anayezikwa ni mtu, na hakuna msomaji anayeona kasoro. Msamiati nao una tabaka zake. Mwili na moyo ni maneno ya Kibantu. Roho, nafsi, akili na fahamu yametoka katika Kiarabu. Moyo ni nyama inayodunda kifuani na papo hapo ni makao ya huzuni. Fahamu mtu huipoteza, kisha ikamrudia. Roho ikiacha mwili hairudi tena katika maisha haya. Aliyezirai, basi, fahamu imemtoka lakini roho bado imo, na Kiswahili kimeweka mpaka huo waziwazi bila kumsubiri mwanafalsafa.

Mpaka huo huonekana vizuri katika chumba cha upasuaji. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, mgonjwa alipasuliwa uvimbe shingoni mbele ya madaktari akiwa amevuta mvuke wa etha, na tangu hapo upasuaji haukuwa tena jambo la kushikiliwa na wanaume wanne. Kiswahili kiliipokea dawa ya namna hiyo kwa jina la nusukaputi, neno lililounganisha nusu na kaputt ya Kijerumani: mgonjwa ni kama amekufa nusu. Kisu kinapita, moyo unadunda, na mishipa ya fahamu, kama Kiswahili kinavyoiita, inapeleka habari za jeraha. Lakini hayupo wa kuumia. Kwa sindano ya ganzi mambo hugeuka. Anayeng’olewa jino yuko macho, anasikia jino likivutwa na kukwaruza taya, ila uchungu haumfikii. Pumzi chache za mvuke zinatosha kuizima fahamu, na hilo linaonyesha jinsi ilivyofungamana na mwili. Hata hivyo haikai pale kidonda kilipo. Mwaka 1871 daktari Silas Weir Mitchell wa Marekani aliandika kuhusu askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, ambao waliendelea kuhisi mguu au mkono usiokuwepo, vidole vimejikunja vikiwauma. Mguu umekwishaondoka, uchungu umebaki, kwa kuwa ubongo ungali unautambua mwili kama ulivyokuwa.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwenda mbali zaidi katika kuitenga nafsi na mwili. Alitaka msomaji wake amfikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa kamili, anaelea hewani, haoni kitu, na viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema Ibn Sina, hatajua kama ana mikono au kifua, lakini atajua kwamba yupo. Kwa hiyo nafsi si mwili. Hoja hiyo ni nzuri, lakini methali imeshika njia nyingine. Haikusema “aijua roho”, ingawa neno lilikuwepo na lingekubaliana na Ibn Hazm. Imesema maiti, jina la mtu kwa upande wa mwili wake, aliyelazwa mahali fulani chini ya udongo fulani. Ujuzi wa adhabu umepewa mwenye mwili uliomo mle, na hapa methali inaonekana kuwa na busara kuliko falsafa ya nafsi inayoelea: uchungu huwa wa huyu, aliyelala hapa.

Methali mbili za jirani huonyesha ukali wa hii. “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake” huacha mlango wazi, kwani anayebisha aweza kulala usiku mmoja akaamka na mabaka. “Siri ya mtungi aijuaye kata” humpa ujuzi yule aingiaye na kutoka, yaani mwandani wa nyumba. Kaburini hakuna kuonja na kurudi kusimulia. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel alichagua popo kueleza jambo la jamii hiyo: mtu anaweza kujua yote kuhusu masikio ya popo na mwangwi unaomwongoza gizani, asijue kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe. Maarifa ya nje yanaweza kuwa kweli tupu na yasiwe maarifa ya ndani.

Hapo ndipo maadili ya methali yanapoanza kudai. Ikiwa uchungu haupimwi kwa jicho la mtazamaji, basi kutoonekana kwake si ushahidi kwamba haupo. Udaktari ulichelewa kulikubali hilo, na waliolipa ni wasioweza kusema. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, kwa dhana kwamba mishipa yao bado haijakomaa kiasi cha kuumia. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilipofanyia marekebisho maelezo yake kuhusu maumivu, kilisisitiza kwamba kauli ya mwenye kuumia iheshimiwe na kwamba asiyeweza kusema aweza kuwa anaumia. Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walikuwa wamekwishatangaza habari za mwanamke wa miaka 23, aliyeumia ubongo katika ajali ya gari na kuhesabiwa kuwa hana fahamu. Aliambiwa afikirie anacheza tenisi, na ubongo wake ukafanya kazi katika sehemu zile zile zinazoamka kwa watu wenye afya. Kwa miezi mitano waliomzunguka walikuwa wameona mwili tu.

Methali hii hutumiwa vibaya na anayeigeuza kuwa kisingizio: kwa kuwa siwezi kuujua uchungu wako, haunihusu. Desturi ile ile iliyoizaa inamkanusha. Mwosha maiti hafahamu kinachohisiwa na anayeoshwa, wala hangoji kufahamu. Huufunika mwili kwa shuka muda wote, hukanda tumbo taratibu, hunyoosha vidole bila kuvilazimisha, huinua kichwa kwa mikono miwili. Maji yakiwa yamepashwa moto, huyajaribu kwanza kwenye kiganja chake.