Mtutu Wenye Kasoro: Tutengeneze au Tukate?

Masomo: Mathayo 18:8–17, Luka 13:6–9

Swali letu linaanzia kwenye meza ya fundi wa bunduki, mahali ambapo mahubiri hayazoei kuanzia. Tuchukue mfano wa mkulima anayeishi kando ya pori, mwenye bunduki ya leseni ya kulindia shamba lake dhidi ya nguruwe pori. Siku moja anaifyatua bila kujua kwamba tope limeziba mdomo wa mtutu. Risasi inatoka, lakini chuma kinavimba karibu na mdomo. Anaipeleka kwa fundi. Je, fundi autengeneze mtutu huo ubaki na urefu wake wote, au aukate nyuma ya uvimbe, ubaki mfupi lakini mzima?

Hili linaonekana kuwa swali la chuma tu. Lakini swali hilohilo huletwa mbele ya Baraza la Wazee likiwa na sura ya mtu. Ni mhazini aliyegusa fedha za mavuno. Ni binti wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Ni mzee wa kanisa aliyeshindwa na pombe. Tumtengeneze akiwa mahali pake, au tumkate? Jibu la haraka, la upande wowote, linaweza kuumiza watu.

Fundi mwema hakimbilii msumeno. Kwanza anahakikisha bunduki haina risasi, kisha anaangalia ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Anauliza mambo matatu: kasoro iko wapi, imeingia kwa kina gani, na imesababishwa na nini. Kutu ya nje huonekana vibaya, lakini mara nyingi haiharibu kazi. Ukingo wa mdomo ni mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma. Ukimeguka hata kidogo, gesi hutoka zaidi upande mmoja na risasi hupotea shabaha. Hata hivyo kasoro hiyo ni miongoni mwa zile rahisi kuondoa: hukatwa kipande kidogo, ukingo mpya ukachongwa, na bunduki ikarudi kulenga vizuri.

Sasa linganisha na ufa mwembamba kwenye chemba, pale risasi inapolipuliwa. Pengine hauonekani kwa macho, na pengine shabaha bado ni nzuri. Lakini katika bunduki za kisasa msukumo wa gesi mahali hapo unaweza kupita mara 3,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Kuziba ufa huo kwa kuchomelea ni hatari, kwa sababu moto hubadilisha ugumu wa chuma. Fundi mwaminifu humwambia mwenye mali: mtutu huu usipigwe tena. Anasema hivyo akijua kwamba mteja atachukia, kwa maana chuma kikipasuka hakimjeruhi mwenye bunduki peke yake, bali na aliyesimama karibu naye.

Hapa tunapata somo la kwanza: ubaya unaoonekana si kipimo cha hatari iliyopo. Mimba haifichiki, kwa hiyo binti hufikishwa barazani upesi. Anayempiga mkewe usiku, anayemnyanyasa mtoto, anayebadilisha vitabu vya hesabu, hao huweza kukaa miaka mingi kwenye benchi la mbele. Baraza linaloshughulikia kutu ya nje na kuacha ufa wa chemba halijalinda usafi wa Kanisa. Limelinda sura yake.

Somo la pili linahusu chanzo. Mtutu ulivimba kwa sababu ya tope. Fundi akiukata bila kumfundisha mkulima kukagua mdomo wa bunduki kabla ya kufyatua, mtutu mfupi nao utavimba. Binti akiwekwa chini ya marudi na kijana aliyehusika akaendelea kupiga gitaa kwaya ileile bila kuulizwa neno, tope limebaki palepale. Mhazini akiondolewa, na sanduku la sadaka likaendelea kufunguliwa na mtu mmoja bila shahidi, tumeondoa mtu na kuacha mtego kwa atakayemfuata.

Maandiko yanasemaje? Wengi wetu tunaikumbuka Mathayo 18:8, ambapo Bwana anasema juu ya kukata mkono au mguu unaokukosesha. Tukiisoma peke yake tutadhani ametukabidhi msumeno. Lakini tuangalie anazungumza juu ya mkono wa nani. Ni mkono wako wewe. Ukali huo wote ameuelekeza kwa msikilizaji na dhambi yake mwenyewe. Anapofika kwa ndugu aliyekosa, katika sura hiyohiyo, njia inakuwa ndefu: nenda kwake mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Na kabla ya maagizo hayo ameweka mfano wa kondoo mmoja aliyepotea, anayetafutwa milimani. Mara nyingi sisi wanadamu hugeuza mpangilio huo. Tunakuwa wapole kwa mkono wetu na wepesi kwa msumeno wa ndugu.

Katika Luka 13 mtunza shamba anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Tena haombi muda mtupu. Anaahidi kuchimba kandokando na kutia samadi. Huruma yake ina jembe mkononi. Wala hafichi kwamba mwaka huo ukipita bila matunda kukata kutafuata. Kumwombea mtu muda bila kumchimbia wala kumtilia samadi ni kuahirisha tu.

Kanisa letu la Kilutheri limerithi hekima katika jambo hili. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwalazimisha watu kutoa sadaka kwa miungu ya Rumi, na Wakristo wengi walianguka kwa hofu. Baadaye padri Novatian na wenzake walikataa kuwapokea tena, hata walipotubu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 12, linakataa fundisho hilo waziwazi: aliyeanguka baada ya ubatizo anaweza kusamehewa wakati wowote anapotubu, na Kanisa halipaswi kumnyima ondoleo. Na Martin Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, alifundisha kwamba kutengwa kwa Kikristo ni kuwazuia wenye dhambi ya wazi walio wakaidi wasishiriki Sakramenti na ushirika, mpaka watakapojirekebisha. Tusilipite haraka neno hilo "mpaka". Marudi yana mlango wa kurudia. Yasiyo na mlango huo ni hukumu ya mwisho, na hiyo haikukabidhiwa kwa baraza lolote la wanadamu.

Basi turudi kwenye kufupisha. Mtutu uliofupishwa hupoteza kitu: risasi hutoka kwa kasi pungufu kidogo, mlio huwa mkali zaidi, na shabaha ya mbele hulazimika kufungwa upya. Sheria nayo huweka mipaka. Nchini Marekani, kwa mfano, bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16 ina masharti ya pekee. Lakini kufupishwa si kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Uingereza lilifupisha mtutu wa bunduki yake ya Lee-Enfield kutoka inchi 30 hivi hadi 25. Wapo waliolalamika kwamba imeharibiwa, lakini ilitumika katika vita viwili vya dunia.

Katika usharika, kufupisha ni kupunguza dhamana bila kumnyima mtu ushirika. Mhazini aliyetubu na kurudisha fedha arudishwe kundini, ale meza ya Bwana, aimbe na kuomba pamoja nasi. Hilo halidai kwamba arudishiwe ufunguo wa sanduku. Msamaha ni zawadi ya Mungu kwa kila atubuye, lakini ofisi ni dhamana tunayoitunza kwa ajili ya wengine. Aliyemdhuru mtoto anaweza kusamehewa na Mungu, naye atajibu mbele ya sheria ya nchi, wala asikabidhiwe tena darasa la Shule ya Jumapili. Huko si kukosa huruma. Tunawahurumia pia waliosimama karibu na mtutu.

Vivyo hivyo tusifupishe pasipo sababu. Binti aliyetubu, akarudishwa kundini, kisha akazuiwa maisha yake yote asiongoze wimbo, amekatwa mahali ambapo chuma kilikuwa kizima. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 2, anawaambia waumini kuhusu mtu waliyemwadhibu kwamba adhabu hiyo yatosha, na kwamba sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Alijua kwamba marudi yakizidi kipimo huua walichokusudia kuponya.

Yuko atakayesema kwamba silaha si mfano mzuri kwa Wakristo, kwa kuwa Isaya 2:4 aliona siku ambayo panga zitafuliwa kuwa majembe. Anasema kweli, na maneno yake yanatupa njia ya tatu. Chuma kisichofaa kwa kazi yake ya kwanza kinaweza kupewa kazi nyingine. Katika sharika nyingi za vijijini kengele ni ringi la gari lililotundikwa mtini. Haliwezi tena kubeba mzigo barabarani, lakini kila Jumapili linaita watu kumwabudu Mungu.

Mfano wetu una mpaka. Mafundi wana njia nyingine ya kuokoa mtutu ulioliwa na kutu ndani: huupekecha na kuingiza bomba jipya lenye michirizi mipya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa nje unabaki ule wa zamani. Hiyo inakaribia kidogo kile Mungu anachofanya katika Ubatizo, ila fundi hununua bomba hilo dukani, na upya wetu Mwana wa Mungu aliugharimia kwa mwili wake. Kila mmoja anayeketi barazani ameketi kwa neema hiyo.

Kwa hiyo, wazee na washarika, kesi inapoletwa, tuulize kwanza kama fundi: kasoro iko wapi, ina kina gani, chanzo chake ni nini, na nani amesimama karibu? Kisha tuulize kama watu waliosamehewa: mlango wa kurudi uko wapi, na nani kati yetu atachukua jembe na samadi kwa mwaka huu mmoja? Kama swali la mwisho halina jina la mtu, kikao kisifungwe bado.