Tawakali na Kibano cha Betri
Wapo mafundi ambao, wakiisha kuipachika betri katika kitingatinga kidogo cha kupakia, kile kilichotokana na mashine waliyoiunda ndugu Cyril na Louis Keller huko Minnesota, Marekani, mwaka 1957, huiacha bolti ya kibano bila kuikaza, wakasema, “Inshallah itashika.” Neno hilo ni tukufu, ila hapa limefanywa sitara ya uvivu, kwani mashine hiyo, ambayo aghalabu haina springi za kupunguza mshindo, hutikisa kila kilichomo, na betri iliyolegea hupukutika unga wa bamba zake za risasi, au, lililo baya zaidi, kichwa chake cha chanya hugusa chuma, zikazuka cheche nyuma ya mgongo wa dereva asiye na habari. Kila jambo ni kwa kudura, nakiri, lakini kudura haimfutii mja taklifu yake: achague betri yenye kimo na nguvu alizozitaja mtengenezaji, akaze kibano, aunge chanya kwanza na hasi mwisho, kisha ndipo atawakali. Aliyeiacha bolti ile asimsingizie Mola.