Mgeni na "Baba Zetu"

Swali la leo: mtu anaweza kupata baba mpya kwa imani tu?

Sheria ya Kiyahudi hutumia neno moja, ger, kwa watu wawili. Kuna mgeni mkaazi: ameacha sanamu, anashika amri saba za Noa, anaishi kati ya Wayahudi. Kwa Kumbukumbu la Torati 14:21, huyu anaruhusiwa hata kula kibudu. Halafu kuna mwongofu kamili, ambaye kibudu ni marufuku kwake kama kwa Myahudi yeyote.

Utata unaanza kwa huyu wa pili. Akipeleka malimbuko hekaluni, Mishna inasema alete, ila asitamke kwamba Mungu aliwaapia "baba zetu". Maana baba zake ni kina nani? Hoja naielewa, lakini inauma: umepokelewa, ikifika sala unanyamazishwa. (Na sisi tunao: mtu kabatizwa miaka kumi iliyopita, kwenye jumuiya bado ni "yule aliyetoka kule".)

Karne ya 12 mwongofu mmoja, Obadia, alimwandikia Maimonides kuhusu hilohilo. Akajibiwa: sema yote, usibadilishe kitu, Abrahamu ni baba wa kila anayeifuata njia yake. Mishna yenyewe, mahali pengine, inakataza kumkumbusha mtoto wa waongofu matendo ya wazee wake.

Mimi niko na Maimonides. Abrahamu naye aliiacha nyumba ya baba yake. Tukipima kwa damu, hata yeye ni wa kuja.