Gunia la Mchele na Goli la Dakika ya 88

Baba yangu mdogo aliahidi gunia la mchele Jumamosi ya tarehe 19 Januari 2019, na hakuna aliyemlazimisha. Ilikuwa dakika ya 88 kwenye uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga. Jacob Massawe alikuwa ameifungia Stand United goli pekee dhidi ya Yanga, Yanga ile ile ya kocha Mwinyi Zahera ambayo msimu ule ilikuwa haijafungwa na mtu kwenye ligi. Baba Mdogo alipanda juu ya ndoo ya muuza maji, akamnyooshea kidole shemeji yake, akatangaza mbele ya watu: Stand ikimaliza ligi nje ya timu kumi za juu, yeye atatoa gunia la kilo mia, mchele super wa Shinyanga, usio na chenga wala pumba. Ndoo ilipasuka. Hiyo aliilipa siku hiyo hiyo.

Aliyenyooshewa kidole ni kaka wa mama mdogo, kwangu mimi ni mjomba. Ni mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, na alikuwa amepanda basi kuja kuiona Yanga yake ikishinda. Alinyamaza. Watu wa machimbo wamezoea kunyamaza wakati mwenzao anashangilia, maana wanajua kelele za mtu aliyeona dhahabu na kelele za mtu aliyedhani ameona dhahabu hazina tofauti.

Jioni tulikaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stendi. Kwa asiyeijua Stand United, jina lake ndiyo historia yake. Ilizaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ikapanda mpaka Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na mashabiki wake wanaiita Chama la Wana. Ni timu ambayo mpiga debe anaisema kama mtu anavyomsema mdogo wake: anaweza kuitukana yeye, lakini ole wako uitukane wewe. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini Baba Mdogo alinunua daftari la kurasa 48, akalisukuma mbele yangu na kusema, "Mwanangu, una mwandiko mzuri. Andika. Leo tunaipima timu."

Nikaandika, na ndiyo sababu nasimulia kisa hiki bila kujitoa. Mkosaji hakuwa mmoja.

Tulipanga mechi zote zilizobaki. Kila mechi ya nyumbani Baba Mdogo aliipa pointi tatu kabla sijamaliza kuandika jina la mgeni. Hoja yake ilikuwa moja na aliirudia kila mara: "Aliyemfunga Yanga hapa, nani atamtoa hapa?" Za ugenini alijifanya muungwana, akazigawia sare, na mbili tatu akakubali kufungwa ili hesabu isionekane ya upendeleo. Tukajumlisha. Stand ilitoka ya nane. Kijiwe kizima kilipiga makofi, mwenye kahawa akamwaga duru moja ya bure. Vijana wa siku hizi wangeishika hesabu ile wakaenda kukatia mkeka.

Ushahidi wa pili alioutoa ulikuwa wa Septemba 2018. Stand ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Yanga 4-3, na magoli yote matatu yalifungwa na Mrundi Alex Kitenge. Baba Mdogo aliisimulia mechi ile kama ushindi. "Tulifungwa, lakini walikiona!" Ni kweli walikiona. Ila mwenye kuandika msimamo wa ligi hana safu ya kilichoonekana. Ukifungwa 4-3 na Yanga au ukifungwa 1-0 na timu usiyoikumbuka, unachorudi nacho Shinyanga ni sifuri, pamoja na karibu kilomita 1,000 za barabara.

Hapo ndipo Mjomba alipofungua mdomo.

"Shemeji," alisema, "kwetu mtu akiokota jiwe moja linalong'aa, halipimi duara, lile shimo zima la dhahabu, kwa jiwe hilo. Anachukua mawe ya kila upande, na yale mabaya pia. Anayatwanga, anayaosha kwenye karai, halafu anaangalia chini kimebaki nini. Wewe umeokota jiwe moja, umelibusu, umeliweka mfukoni."

"Ninyi wa Yanga leo mna machungu," Baba Mdogo alimjibu, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Usiku ule, lakini, nililifungua daftari ukurasa wa nyuma. Nikaanza kuandika matokeo ya mawe mabaya: mechi dhidi ya timu tulizokuwa tunagombania nazo nafasi za chini, zile ambazo hakuna anayepanda juu ya ndoo kuzishangilia. Nilifika katikati nikalifunga. Hesabu ilikuwa inaniharibia Jumamosi yangu. Nadhani hapo ndipo penye kosa lenyewe, kuliko hata gunia. Shabiki hakosi akili ya kuhesabu. Anajua vizuri wapi pa kuishia.

Kama ningeendelea, ningeikuta hesabu rahisi ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya. Kumfunga Yanga kunaleta pointi tatu. Sare tatu na wanyonge wenzako zinaleta pointi tatu. Ligi ile ilikuwa na timu 20 na mechi 38, timu mbili za mwisho zikishuka moja kwa moja na mbili zilizo juu yao zikienda kwenye mtoano na timu za Daraja la Kwanza. Kwa timu ya chini, Yanga na Simba kwa pamoja ni mechi nne tu kati ya hizo 38. Uhai wa Stand ulikuwa kwenye zile 34 zilizobaki: Jumatano ya jua kali, jukwaa nusu tupu, mgeni kutoka Mtwara au Tanga aliyekuja kutafuta sare.

Isitoshe, msimu wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Vodacom walikuwa wameondoka, na walirudi msimu uliofuata. Timu yenye tajiri iliweza kuvumilia. Timu ya stendi ilisafiri kwa michango, na mguu uliolala kwenye basi siku mbili haukumbuki tena goli la Massawe. Mpimaji wa kweli angeuliza kwanza nauli ya mzunguko wa pili inatoka wapi. Sisi tuliuliza Yanga wamejisikiaje.

Na hili la fedha kwa watu wa Shinyanga halikuwa jipya, ndiyo maana linaniuma zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kule Kahama, iliidhamini Stand. Akaletwa Mfaransa Patrick Liewig, kocha aliyewahi kuifundisha Simba. Septemba 2016 Stand iliifunga Yanga 1-0 pale pale Kambarage, goli la Pastory Athanas, na Baba Mdogo, nasikia, alipanda juu ya kitu siku ile pia. Lakini ndani kulikuwa na ugomvi, wanachama upande huu na kampuni upande ule, kila mmoja akidai timu ni yake. Acacia ilijitoa. Liewig hakuumaliza msimu. Kwa hiyo tulishawahi kuona mara moja jinsi ushindi dhidi ya Yanga unavyoweza kukaa juu ya nyumba yenye mchwa, na tukaona vema kutokumbuka.

Miezi ikapita. Aprili na Mei 2019 lilitokea jambo ambalo lingetosha kumzindua mtu yeyote. Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 Bukoba, kisha wakaifuata Dar es Salaam na kuifunga 1-0. Pointi sita kutoka kwa timu iliyochukua ubingwa! Msimu ulipoisha, Kagera Sugar hao hao walikuwa kwenye mtoano wakipigania roho yao. Nilimwonyesha Baba Mdogo. Akasema Kagera ni Kagera.

Ligi ilifungwa tarehe 28 Mei. Stand United ilikuwa ya 19. African Lyon peke yake ndiyo iliyokuwa chini yake, na zote mbili zikashuka. Chama la Wana, baada ya misimu mitano Ligi Kuu, likarudi kule lilikotoka.

Baba Mdogo hakuongea siku mbili. Siku ya tatu alikwenda sokoni, akachagua gunia mwenyewe, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko kuhakikisha halina chenga, akalipakia kwenye basi la kwenda Geita kupitia Kahama. Mtu wa Shinyanga anaweza kukosea hesabu ya mpira, hawezi kudhulumu mchele. Mjomba alipolipokea alipiga simu kushukuru, na alikuwa na adabu ya kutotaja karai.

Kisa kingeishia hapo, na kingekuwa kisa cha mtu mmoja mwenye kiherehere na shemeji yake mwenye hekima. Lakini hekima ya mtu kwenye timu ya mwenzake ni kitu chepesi.

Juni ya mwaka ule ule, 2019, Geita, timu ya mkoani kwa Mjomba, walicheza mtoano na Mwadui, timu ya kwenye mgodi wa almasi pale Kishapu, wakatolewa. Mjomba aliumia kidogo, si sana. Ila mwaka 2021 Geita Gold walipopanda Ligi Kuu, mtu huyu aliyezaliwa Yanga alibadilika. Msimu wao wa kwanza, 2021/22, chini ya Fred Felix Minziro, walimaliza nafasi ya nne. George Mpole akafunga magoli 17 na kuwa mfungaji bora, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga kwa goli moja. Wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Huko walikutana na Hilal Alsahil ya Sudan, wakafungwa 1-0 ugenini, wakashinda 2-1 nyumbani, wakatolewa kwa goli la ugenini. Mjomba alilisimulia hilo kama alivyosimulia Baba Mdogo zile 4-3. "Tulitolewa, lakini kwa jumla hatukufungwa."

Mpole akaondoka kwenda kucheza Kongo. Minziro naye hakukaa milele. Msimu wa 2023/24 ulipofika nusu, Geita Gold ilikuwa inahangaika, na Baba Mdogo akampigia shemeji yake simu, akaiweka kwenye spika ili nisikie.

"Shemeji, mnashuka."

"Timu iliyoshika nafasi ya nne na kucheza Afrika haishuki," Mjomba alijibu. "Ikishuka, nakurudishia gunia lako."

"Hiyo nafasi ya nne ni ya mwaka gani? Shemeji, unaosha marudio."

Kwa asiyejua lugha ya machimbo: marudio ni ule mchanga uliobaki baada ya mawe kupita kwenye karasha na dhahabu kukamatwa. Simu ilikaa kimya. Kisha Mjomba akasema, "Hata marudio yana dhahabu."

"Yana," alisema Baba Mdogo, "ila ni ya mwenye mtambo."

Jibu lile lilimwingia, maana ndivyo ilivyo huko kwao. Mchimbaji anaondoka na kile kidogo cha kwenye karai, na mwenye mtambo wa kuchenjulia anabaki na mchanga na kile kilichofichika ndani yake. Katika mpira wenye mtambo ni wale wanaomchukua Mpole wako. Wewe unabaki na picha ya kiatu cha dhahabu na msimu mwingine wa kucheza.

Niseme kidogo kuhusu Mjomba, kwa sababu nimemsikia mtu akimcheka. Alijua kupima. Mwaka 2019 alitupa kipimo sahihi kuliko wote waliokuwa kijiweni. Alichokosa mwaka 2024 ni kile kile nilichokosa mimi usiku ule na daftari: alikuwa tayari kupima mawe ya watu wote isipokuwa yake. Baba Mdogo naye, aliyeonekana mjinga, alikuwa sasa mkali kama mkaguzi wa hesabu, kwa kuwa timu haikuwa yake.

Siku ya mwisho ya ligi, Mei 2024, Azam walikwenda uwanja wa Nyankumbu, Geita, wakashinda. Geita Gold ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Juni, gunia la mchele lilishuka stendi ya Shinyanga kutoka kwenye basi la Geita. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani ya machimboni, na lilipungua kilo tatu au nne. Mama mdogo alilipima kwa macho, akatutazama, akalivuta ndani bila neno.

Mwaka 2025 Stand na Geita Gold zilikutana uso kwa uso, kwenye mtoano wa Championship, lile Daraja la Kwanza la zamani, wa kuwania kupanda Ligi Kuu. Stand ikaitoa Geita. Jioni hiyo Baba Mdogo alinipigia simu, sauti imepanda, akaniuliza lile daftari liko wapi. Nilimwambia limeliwa na mchwa. Liko kabatini hadi leo, ukurasa wa nyuma bado umeishia katikati. Raundi iliyofuata Stand ilifungwa na Fountain Gate, ikabaki Championship.