Leso Isiyofaa Kutundikwa

Siku chache baada ya arubaini ya mama, tulifungua sanduku lake pale nyumbani Jomvu Kuu. Leso zikatolewa moja moja na kutandazwa mkekani: za rangi ya korosho, za kisutu, nyingine doti nzima ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Mpwa wangu, anayesomea uchoraji Nairobi, akainyanyua moja iliyochakaa, wekundu wake umefifia mpaka ukawa waridi. "Mjomba," akasema, "hii ni sanaa ya pop. Nitaitia kwenye fremu niitundike."

Kina dada wakacheka. Wajomvu ni watu wa Tisa Taifa, makabila tisa ya Waswahili wa Mombasa, mji wao ni wa kale, na elimu ya chuo haiwatishi. "Leso ukutani?" mmoja akauliza. "Kwani ni kalenda?"

Nilicheka nao, lakini neno la kijana likanikaa. Mwaka 1962, huko Los Angeles, Andy Warhol alionyesha picha 32 za mikebe ya supu ya Campbell's, kila picha na ladha yake, mkebe uleule ambao mtu yeyote angeukuta dukani. Miaka mitano kabla yake, Mwingereza Richard Hamilton alikuwa ameandika barua akizitaja sifa za sanaa ya pop: iwe ya watu wengi, ya kupita na wakati, ya bei nafuu, itolewe kwa wingi kiwandani, iwe na ujana na mzaha. Nikiisoma orodha ile naona kama mtu ameingia kwenye duka la leso Mtaa wa Biashara, akatoka akaandika alichokiona.

Maana leso ilianza kwa vitambaa vya dukani. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono, jina lenyewe la leso tumelipata kwa Wareno, wakavishona sita pamoja ikawa nguo moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima ichapwe Ulaya, baadaye India na Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kaderdina Hajee Essak wa hapa Mombasa, yule ambaye leso zake zinajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, akaanza kutia maneno chini ya mji wa leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Kuanzia hapo leso ikapata jina. Na hakuna lililotokea nje ya nyumba ambalo leso imelikosa. Obama aliposhinda mwaka 2008, haukupita muda uso wake ukawa viunoni mwa watu.

Kufika hapo nakubaliana na mpwa wangu. Tunaachana kwenye huo wingi. Warhol alirudia mkebe, na baadaye uso wa Marilyn Monroe, hadi kitu kikabaki sura tupu isiyo ya mtu. Leso nayo hutoka kiwandani kwa majora, zote sawasawa, ila usawa wake unakoma mlangoni pa duka. Leso mliyoipata siku moja, wewe wa Jomvu Kuu na mwenzio wa Mikindani, si leso moja tena. Wewe uliletewa na mume aliyetaka radhi na hakujua aanzie wapi. Mwenzio amemvalia jirani, akapita mbele ya mlango wake mara tatu bila kutamka neno, na jirani akasoma. Mchapaji alitoa maneno tu. Nani anaambiwa, hilo hakulijua.

Sisemi kwamba kila cha rahisi kina utu ndani yake. Ziko leso za siku hizi ambazo maji ya kwanza tu yanabeba rangi yote, na majina yaliyoandikwa na mtu asiyejua Kiswahili wala fumbo. Wala sina ugomvi na wanaoipeleka leso kwenye majumba ya sanaa. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1954 aliyetunukiwa Tuzo ya Turner mwaka 2017, huchora kanga zake mwenyewe kwa rangi, pindo na maneno, na zinapotundikwa hakuna aliyevuliwa nguo. Tena mpwa wangu ana hoja nzito kuliko alivyoieleza: leso ikishazeeka mwisho wake ni mbeleko, kisha nepi, kisha dekio. Je, anayeiokoa na ndoo ya maji machafu ndiye asiyeiheshimu?

Dada yangu mkubwa hakuwa akisikiliza falsafa yetu. Aliichukua ile leso iliyofifia, akalisoma jina lake ambalo nusu limeliwa na jua la kambani, akanyamaza kidogo. Halafu akaikunja mara nne, akaiweka mapajani.

"Hii siyo," akasema. "Huyu aliyeambiwa bado yu hai, na fremu yako ataiona."

Akapekua chini ya sanduku, akatoa doti mpya, wanga wake bado mkavu, vipande viwili havijatenganishwa. Akampa kijana.

"Tundika hii. Haijasema na mtu."